Fungate kwa Watu Watano

Ijumaa, 21 Novemba

Amepata! Hrishi amepata ruhusa kazini! Ijumaa tarehe 23 Januari, halafu Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu ni Sikukuu ya Jamhuri. Toa ya kurudi, zinabaki siku tatu. Siku tatu nzima baharini, mimi na mume wangu, bila mtu mwingine. Ngoja niandike tena nione inavyopendeza. Mimi na mume wangu. Bila mtu mwingine.

Miezi kumi na tatu tangu harusi! Fungate tuliahirisha kwa sababu babu yake Hrishi alifariki wiki ya pili, nyumba ikawa na matanga. Hilo halina ubishi. Halafu zikaja mvua. Halafu kufunga mahesabu ofisini kwake. Halafu basi tu, hakuna aliyekumbuka isipokuwa mimi.

Na chumba chetu hakina mlango. Nyumba hii ya kale ya mtaa wa Sadashiv Peth ina lango la nje la kuzuia jeshi zima, lakini ndani ni mapazia matupu. Upande wa pili wa pazia letu ipo bembea ya kukalia ya Appa, baba mkwe wangu, na saa kumi na moja alfajiri Appa anaanza mazoezi yake ya kupumua. Hff! Hff! Hff! Mara mia na nane. Hrishi analala fofofo. Mimi nahesabu.

Tunakwenda Agonda, kusini mwa Goa. Treni ya saa kumi jioni hapa Pune, alfajiri tuko Madgaon. Nimempigia Bi Filomena, ana kibanda cha chumba kimoja hatua ishirini kutoka mchangani. Nikamuuliza, kina mlango? Akasema kina mlango, dada, na komeo kwa ndani. Nimempenda sana huyo mama.

Tiketi zinafunguliwa siku sitini kabla — yaani keshokutwa, Jumapili, saa mbili kamili asubuhi. Zinaisha kufumba na kufumbua. Hrishi anasema tusimwambie mtu yeyote mpaka tiketi iwe mkononi. Nimekubali. Mimi si mropokaji.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeropoka.

Lakini si kosa langu lote! Aai — mama mkwe wangu, nyumba nzima na nusu ya mtaa tunamwita Aai — alinikuta naijaribu kofia ya jua mbele ya kioo. Novemba! Ndani ya nyumba! Akauliza, nikasema. Na ukishasema, lazima umalizie kwa adabu. Nikamalizia: "Aai, twende wote basi!"

Hivyo ndivyo watu wanavyofanya! Sisi hata chai hatuipokei hivihivi. Mgeni anakataa mara ya kwanza, anakataa ya pili, ya tatu ndiyo ananyoosha mkono, na muda wote macho yake yako kwenye birika. Mbili za adabu, ya tatu ndiyo jibu. Na safari ya mume na mke haifiki hata hiyo ya pili. Mdogo anakaribisha, mkubwa anasema, "Aa, mwanangu, nendeni nyie vijana," mdogo anaweka sura ya huzuni kidogo, shughuli imekwisha. Kila mtu anaijua kazi yake.

Aai alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Haya, nitakuja."

Sasa unajibu nini? Hakuna jibu la hapo! Nikasema, "Vizuri sana, Aai." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa paka.

Kwenye bembea Appa akauliza nani anakwenda wapi. Aai akamwambia. Appa akasema kama ni bahari basi naye anakuja, madaktari wanasifu hewa ya chumvi. Na kutoka chumba cha mbele — huyo hapitwi na neno — akapaza sauti Shangazi Vatsala, dada yake Appa: "Na mimi mnaniacha na nani? Na mjusi?"

Kwa hiyo tuko watano. Kibanda cha Bi Filomena hakitoshi, nimebadilisha, tumechukua nyumba yake ya vyumba viwili na ukumbi. Nikamuuliza tena kuhusu milango. Akacheka mpaka akakohoa.

Hrishi aliporudi nilimvuta nyuma ya pazia. "Ulimkaribisha?" Nikasema kwa adabu tu! "Lakini ulimkaribisha." Nikamwambia basi ni mama yako, kaongee naye. Akajikuna kisogo. "Nimwambie nini? Kwamba tumemkaribisha kwa uongo?"

Ana haki. Namchukia akiwa na haki.

Jumapili, 23 Novemba

Saa moja na nusu tulikuwa tumekaa wote watano kuizunguka simu ya Hrishi kama tunaota moto. Saa mbili kamili, akafungua. Akaandika majina: wanawake kwanza, bwana mstaarabu huyo. Aai. Umri, hamsini na saba. Vizuri. Shangazi Vatsala. Umri?

Shangazi akajiweka sawa sari.

"Hamsini na tisa," akasema Shangazi. Appa akasimamisha bembea. "Vatsala, mimi nina sitini na nne, nawe ulinibeba mgongoni kunipeleka shule." Shangazi akasema alikuwa mtoto mwenye nguvu. Hrishi akawaambia jamani, ukiandika umri wa kweli unapewa kitanda cha chini, hupandi ngazi. Shangazi akafikiri. Dakika nzima akafikiri! Kitanda cha chini upande huu, miaka yake upande ule. "Andika sitini na mbili." Appa akasema hata mashine ya reli itacheka. Kitambulisho kiko wapi? Kwenye kabati. Ufunguo uko wapi? Kwenye ncha ya sari nyingine.

Sitini na tisa! Ndiyo umri wake. Tumeujua saa mbili na dakika nne.

Halafu mimi, halafu Appa, halafu Hrishi mwenyewe. Bonyeza. Namba ya siri ya benki ikachelewa kufika. Ikafika. Bonyeza.

Vitanda vimekwisha. Tuko kwenye orodha ya kungojea, namba 31 mpaka 35.

Shangazi akasema reli siku hizi haina adabu.

Jumatatu, 24 Novemba

Sijazungumza na Hrishi tangu asubuhi. Ameniletea karanga za moto kwenye koni ya gazeti. Nimezila. Bado sizungumzi.

Jumapili, 7 Desemba

Aai amenunua kandambili.

Nilidhani anakwenda sokoni Tulshibaug kununua bangili. Amerudi na kandambili za mpira, bluu, bluu kabisa, zenye ua la njano kwenye kidole gumba. Mwanamke ambaye maisha yake yote nje ya nyumba anavaa viatu vya ngozi vya kahawia! Amezivaa jioni nzima ndani ya nyumba. Appa akauliza kelele gani hiyo, chwapa chwapa. Akasema anazizoesha miguu kabla ya mchanga.

Ukweli, nilicheka. Kisha nikajisikia vibaya. Kisha zikapita tena mbele ya pazia — chwapa chwapa — nikacheka tena.

Alhamisi, 18 Desemba

Namba 22 mpaka 26. Watu tisa wameahirisha safari zao. Mungu awabariki popote walipo. Naiangalia orodha asubuhi kabla ya kupiga mswaki na usiku kabla ya kulala. Hrishi anasema sikumtazama yeye hivyo hata siku ya harusi.

Jumatano, 31 Desemba

Namba 17 mpaka 21. Shangazi ameuliza kama Goa kuna bembea. Appa ameuliza kama magazeti ya Pune yanafika. Aai hajauliza kitu.

Jumanne, 13 Januari

Prajakta alipiga simu mchana. Tumesoma naye, sina siri kwake. Akauliza fungate linaendaje, nikamwaga yote. Nilikuwa nimechoka, na nikianza kuchekesha sijui kuacha. Nikamwambia: fungate kwa watu watano! Wanandoa, mashabiki, na mwamuzi! Nikaigiza pumzi za Appa. Nikaigiza umri wa Shangazi. Halafu nikaigiza "Haya, nitakuja" ya Aai, na chwapa chwapa, na jinsi nitakavyotembea ufukweni wakati wa machweo nimeshikana mkono na mama mkwe. Prajakta alicheka mpaka akakata simu bila kukusudia.

Nikageuka. Aai yuko jikoni. Pazia limefunguliwa nusu.

Sijui alikuwepo tangu lini. Mgongo wake ulikuwa kwangu.

Wali wa leo umeungua. Aai hajawahi kuunguza wali, si mwaka huu wala mwaka juzi wala katika hadithi yoyote niliyosimuliwa katika nyumba hii. Appa akatoa chembe nyeusi mdomoni, akaitazama, akaimeza.

Jumatano, 14 Januari

Sankranti. Leo watu wote wanapeana vitamu vya ufuta na sukari guru, na kila anayekupa anakuambia vilevile, miaka nenda miaka rudi: kula kitamu, useme matamu. Dukani wanakuambia. Jirani usiyeelewana naye anakuambia. Ni maneno tu ya sikukuu.

Asubuhi Aai alinishika mkono, akanifungua kiganja, akaniwekea viwili. "Kula kitamu, Ketaki. Useme matamu."

Hakutabasamu wala hakununa. Alisema kama anavyomwambia kila mtu. Au hakusema hivyo? Nimeshinda nalo kutwa.

Ijumaa, 16 Januari

Maajabu! Shangazi Vatsala haendi!

Jana jioni alikaa na Aai wakimenya vitunguu saumu. Leo asubuhi ametangaza. Ameambiwa kwamba Agonda samaki wanaanikwa njiani, wanauzwa mlangoni, wanakaangwa nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto, na upepo wa bahari hauchagui pua ya mtu. Shangazi hajawahi kukaa meza moja hata na yai. "Nitabaki nimlinde mjusi," akasema.

Hrishi amelifuta jina lake. Orodha: 9 mpaka 12.

Jumapili, 18 Januari

Na Appa! Jamani!

Alikuwa anasoma gazeti kwenye bembea, Aai anapita na chai yake. Aai akasema tu, kama anajisemea: kule gazeti letu linafika saa nane mchana. Appa akashusha gazeti. Saa nane? Aai akasema, na siku nyingine halifiki. Chai yake ikapoa. Halafu akasema kuna mkutano wa wastaafu Jumamosi, alikuwa ameusahau, haungewezekana bila yeye.

Tumebaki watatu! Mimi, Hrishi na Aai. Namba 6, 7 na 8.

Hrishi amenong'ona nyuma ya pazia: unaona, mambo yanajipanga yenyewe. Nikamwambia agonge mbao ya mlango, asituletee mkosi. Hatuna mlango, akasema, nigonge wapi?

Tumecheka sana. Siku nyingi hatukucheka hivyo, tumeziba midomo kwa mto.

Jumatano, 21 Januari

Tunafunga mizigo. Yangu: begi moja, kofia, nguo ya kuogea ya kijani ambayo hakuna mtu wa nyumba hii aliyeiona wala ataiona. Ya Hrishi: fulana sita, kana kwamba anahama. Ya Aai: kimfuko. Yaani kimfuko hasa, cha kwendea sokoni! Sari mbili, mswaki, na chupa kubwa ya achari ya ndimu aliyoifunga kwa vitambaa vitatu. Nikauliza achari ni ya Bi Filomena? "Ni ya mtu," akasema.

Amekaanga mikate ya safari ya kutosha kikosi. Chutney ya karanga, viazi vya bizari. Nikamsaidia kufunga. Nilitaka kumwambia, Aai, ile siku ya simu. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama chumvi inatosha.

Orodha: 3, 4, 5. Kesho saa mbili asubuhi wanatoa orodha ya mwisho, nani ana kitanda na nani hana.

Alhamisi, 22 Januari, asubuhi

Nimekaa sakafuni na simu. Sijui nicheke au nilie.

Aai na mimi tumepata kitanda. KIMOJA. Kile cha pembeni cha watu wawili, ambacho mmoja anakaa kichwani na mwingine miguuni, goti kwa goti, mpaka atakaposhuka mtu na mkaguzi awahurumie.

Hrishi: kungojea namba 1.

Moja! Angeugua mafua mtu mmoja tu Pune nzima, mume wangu angepanda! Ni kwa sababu aliandika wanawake kwanza. Ustaarabu wake huo. Nimemwambia katika maisha yetu yote asije tena akamtanguliza mwanamke, hata mlangoni.

Amekimbia kutafuta basi. Amepata nafasi moja, ya nyuma kabisa, juu ya tairi, basi la jioni. Moja tu, tumepiga simu kampuni nne. Atatukuta Agonda kesho asubuhi.

Kwa hiyo usiku wa kwanza wa fungate langu nalala kitanda kimoja na mama mkwe. Prajakta sitamwambia. Nimeacha.

Appa akaanza: mwanamke hasafiri peke yake usiku, ni bora wote waahirishe, mwaka ujao tutapanga vizuri, na Vatsala naye aje. Mwaka ujao! Roho ilinitoka. Aai alikuwa tayari mlangoni, kimfuko begani, miguuni kandambili za bluu. Kwenda stesheni na kandambili! Akasema, "Hasafiri peke yake. Yuko na mimi." Appa akarudi kwenye bembea.

Alhamisi, 22 Januari, ndani ya treni

Saa kumi na mbili kasoro. Naandika juu ya goti, na goti lenyewe limegusana na la Aai. Nikitikisika anatikisika. Yeye anatazama nje. Mashamba ya miwa, mkokoteni, mtoto anapunga mkono. Aai anampungia. Amempungia kila mtu tangu tuondoke Pune, mpaka fahali mmoja.

Tumekula. Akanikatia mkate, akaniwekea chutney nyingi kama ninavyopenda, na bila kunitazama akauliza:

"Prajakta hajambo?"

Karanga ilinipalia. Nilikohoa mpaka baba wa kitanda cha jirani akanipa maji yake.

"Aai, mimi…"

"Wanandoa, mashabiki, na mwamuzi," akasema Aai. "Nilisimama pale jikoni nacheka peke yangu mpaka wali ukaungua. Na Appa unamwigiza vizuri, ila pumzi unazivuta fupi. Yeye anaanzia tumboni." Akaonyesha. Hff! Hff! Baba wa jirani akageuka kutazama kama mama wa watu amezidiwa.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikamwomba msamaha kwa maneno, siyo kwa kuuliza chumvi. Akasema haya, haya, kula.

Halafu akaniambia. Anashuka Satara. Mdogo wake, Shaila, anamngoja pale stesheni. Achari ni yake. Atakaa kwake siku tatu, Jumatatu atarudi Pune na basi, atatungoja mimi na Hrishi stesheni, tuingie nyumbani pamoja, watatu. Appa asiambiwe.

Nikashindwa kuelewa. "Ulipanga lini?"

"Usiku ule wali ulipoungua."

"Kwa hiyo samaki wa Shangazi? Gazeti la Appa?"

"Sikusema uongo hata mmoja," akasema Aai, na akaonekana kufurahi sana. "Uliza Goa kama hawaaniki samaki."

Alitaka kujitoa naye leo asubuhi, alikuwa ameandaa na kikohozi; achari ya Shaila ilikuwa ya akiba, kama itabidi apande. Lakini orodha ikatoka vile, Hrishi hana nafasi, na akajua Appa hataniruhusu nipande peke yangu. "Mngesema mwaka ujao. Mimi naujua mwaka ujao." Kwa hiyo amepanda ili nipande. Amekwishazungumza na mkaguzi wa tiketi, akishuka yeye kitanda kizima ni changu, ninyooshe miguu mpaka Madgaon.

Nikamuuliza kile kilichonikaa moyoni miezi miwili. Mbona alikubali? Alijua ilikuwa adabu tu.

"Nilijua." Akazitazama kandambili zake pale chini, sote tulikuwa tumevua viatu tukapandisha miguu. "Miaka thelathini na mbili nakaribishwa, Ketaki. Mahabaleshwar, Nashik, wapi sikukaribishwa. Nimekataa vizuri kila mara, wote wakanisifu, wakaenda. Siku ile nilikuwa na mchele mkononi, nikasema hebu niisikie ndiyo yangu inavyolia."

"Ikaliaje?"

"Kidogo ilinishtua," akasema Aai. "Nawe ulivyogeuka rangi!"

Tukacheka tena, magoti yakagongana. Nikamuuliza bahari aliiona lini. Mara moja, Mumbai, ndani ya teksi. Shangazi alikuwa amekaa upande wa dirisha.

---

Satara bado dakika ishirini. Naandika haraka, mwandiko unaruka.

Nimemwambia, "Aai, twende wote."

"Aa, mwanangu, nendeni nyie vijana."

Hiyo moja. Aai akafunga kikapu cha chakula, akaniachia mikate yote. Nikamwambia, "Aai, nyumba ina vyumba viwili. Vyote vina milango. Na komeo."

"Hapana, mwanangu. Magoti yangu na mchanga havielewani."

Hiyo mbili.

Ya tatu sijauliza. Hapa ndipo nilipo. Nazitaka siku zangu tatu! Humu simdanganyi mtu. Miezi kumi na tano sasa nahesabu pumzi za mzee nyuma ya pazia, nimekonda kwa kuangalia orodha ya reli, nina nguo ya kijani begini. Nikinyamaza dakika kumi tu nimezipata, zote, halali yangu, na amenipa mwenyewe kwa mikono yake. Na nikiuliza atasema ndiyo. Najua atasema. Anajua kwamba najua. Ndiyo maana hanitazami.

Treni inapunguza mwendo. Watu wanateremsha masanduku. Nje mtu anatembeza vitamu vya maziwa, anaviita kwa sauti ya pua. Aai ameshajitanda shali, chupa ya achari kaikumbatia. Amevaa kandambili ya kushoto.

Ya kulia haioni.

Ameinama. Anapapasa chini ya kitanda. Amemsumbua baba wa jirani, naye ameinama anamulika kwa simu, hakuna. Dirishani namwona mwanamke mfupi mwenye uso wa Aai anakimbia sambamba na behewa letu, anachungulia kila dirisha.

"Ketaki, hebu tazama huko kwako. Ya bluu."

Nimesema subiri kidogo, Aai, namalizia mstari huu.

Iko chini ya mguu wangu, nilioushusha Aai alipoanza kuvaa. Ua la njano nalisikia kwenye kisigino. Treni imesimama, na mguu sijautoa.